Magurudumu mepesi yasiyokuangusha njiani: mwongozo kamili kwa baiskeli ya resi, Dodoma na Kanda ya Kati

Kila baada ya wiki chache naletewa gurudumu lilelile. Anayebadilika ni mwenye gurudumu tu. Amedunduliza miezi, kanunua magurudumu mepesi, katoka nayo Jumamosi alfajiri kuelekea Bahi au Chamwino, na Jumatatu amesimama mlangoni. Spoki imekatika, au ringi imepinda, au gurudumu la nyuma halikuingia kwenye fremu tangu mwanzo na aliyemuuzia hapokei simu tena.

Hawa si wazembe. Wengi wamesoma na kulinganisha namba kwa makini. Shida ni namba waliyoanza nayo: gramu. Kwa barabara zetu, gramu ni swali la nne. La kwanza ni kama gurudumu linaingia kwenye baiskeli yako. La pili, litakubeba? La tatu, spoki ikikatika ukiwa Manyoni, utapata nyingine? Ukishajibu hayo matatu, uzito utaupunguza bila wasiwasi, na nitakuonyesha pa kuupunguzia.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Rula au tepu yenye milimita
- Mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi
- Spana ya spoki inayoshika nati bila kucheza
- Kadi ya benki iliyokwisha muda
- Kamba mbili za plastiki za kufungia nyaya
- Tochi ya simu
- Karatasi na kalamu
- Uzito wako, ukiwa umevaa viatu, umebeba maji na mkoba wa vifaa

Spana ya spoki usiichukue kwa kukadiria. Ikiwa kubwa kidogo tu kuliko nati, itazilamba kona zake, na nati iliyolambwa haikazi tena. Nenda na gurudumu dukani, ujaribishe palepale.

## Hatua ya 1: Isome baiskeli yako na uandike

Usiamini kumbukumbu. Pima.

Kipenyo. Angalia ubavu wa tairi ulilonalo. Utakuta maandishi kama 25-622 au 28-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha pale tairi linapokalia ringi, zote kwa milimita. 622 ndiyo ile inayoitwa 700C, na baiskeli nyingi za resi za leo ni hiyo. Lakini kwenye mitumba ya Japani na Ulaya utakutana pia na 630, 590 na 571. Kati ya 622 na 630 kuna milimita nane tu, kwa macho huoni tofauti, ila tairi la moja halikai kwenye ringi ya nyingine kwa namna yoyote.

Breki. Ni za kubana ringi au za diski? Ringi iliyotengenezwa kwa breki za diski haina ukingo bapa wa kusuguliwa na vipande vya breki. Ukiibania breki za ringi, umejitegea ajali. Kama ni diski, tazama pia inavyofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu: kwa bolti sita, au kwa pete moja yenye meno.

Nafasi ya nyuma. Toa gurudumu, upime ndani kwa ndani pale ekseli inapokalia. Milimita 130 ni baiskeli ya breki za ringi. 135 ni ya diski yenye ekseli nyembamba ya kubana kwa mkono. 142 ni ya diski yenye ekseli nene ya milimita 12 inayopenya katikati. Ukipata 126, una fremu ya zamani ya chuma. Mbele kwa kawaida ni 100, ila hakikisha kama ekseli ni nyembamba au nene.

Onyo: kuna mafundi watakaokwambia "kaka, tunaipanua kidogo tu." Fremu ya alumini au kaboni haipanuliwi. Inapasuka, na haipasuki siku hiyohiyo.

Giya. Hesabu meno ya nyuma ni pete ngapi, na ni ya kampuni gani. Habu ya Shimano ya giya 11 za barabarani ni ndefu kwa milimita 1.85 kuliko ya 8, 9 na 10. Maana yake, meno ya pete 10 yanaingia kwenye habu ya 11 ukiweka washa ya kujazia, lakini meno ya pete 11 hayaingii kwenye habu ya 10. Campagnolo wana mtindo wao, na SRAM wana aina ya XDR isiyoingiliana na Shimano. Baiskeli ya zamani yenye friwili ya kukaza kwa nyuzi ni habari nyingine kabisa. Hapo unabadili habu nzima.

Nafasi ya tairi. Kati ya tairi na fremu acha angalau milimita nne kila upande. Atakayeona nazidisha asubiri Januari, tope jeusi la mbugani lijikusanye hapo.

Umefanikiwa kama karatasi yako inasomeka hivi: 622, breki za ringi, 130, Shimano 10, tairi mwisho 28. Mstari huo mmoja ndio utakaomsomea muuzaji kwenye simu. Akisita, usitume hela.

## Hatua ya 2: Amua idadi ya spoki kabla ya kuangalia uzito

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Gurudumu halisimami kwa unene wa spoki. Linasimama kwa mvutano. Kila spoki imevutwa, na unapokaa kwenye kiti, zile za chini karibu na ardhi zinalegea kidogo, kisha zinakaza tena zikipanda juu. Kila mzunguko ni kulegea na kukaza, mara mamia kwa kila kilomita. Spoki haikatiki kwa sababu ulipiga shimo leo. Inakatika kwa sababu imechoka kulegea na kukaza, na shimo la leo limemalizia tu. Spoki zikiwa chache, kila moja inabeba mzigo mkubwa zaidi katika kila mzunguko huo.

Zikiwa chache, tena, moja ikikatika gurudumu zima linaenda upande. Kwenye gurudumu la spoki 32, moja ikikatika unalegeza breki na kurudi nyumbani taratibu. Kwenye la 20, ringi inaweza kugusa fremu palepale.

Nalijua hilo kwa miguu yangu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua seti ya mtumba, spoki 20 mbele na 24 nyuma, bapa, za kunyooka, zisizo na kichwa kilichopinda. Zilipendeza. Siku moja nikirudi kutoka Bahi nikapita kwenye rasta, vile vijituta vinavyofuatana barabarani, nikasikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjwa. Spoki ya nyuma, upande wa cheni. Ringi ikaegemea fremu, gurudumu likakataa kuzunguka. Nikaibeba baiskeli begani mpaka nikapata bodaboda. Fundi mmoja wa Majengo, mzee anayefanyia kazi chini ya mwarobaini, akaishika ile spoki kwenye mwanga, akaigeuza mara mbili, akaniambia: "Mwanangu, hii hapa haipo. Dar nako usihangaike." Alikuwa sahihi. Gurudumu lilikaa ukutani wiki saba likisubiri kipande cha chuma cha gramu tano.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, kwa uzito wa mpanda pamoja na alichobeba mwilini:

- Chini ya kilo 60: spoki 20 mbele, 24 nyuma zinatosha, kama barabara zako ni za lami tu.
- Kilo 60 hadi 80: 24 mbele, 28 nyuma.
- Zaidi ya kilo 80, au unabeba mizigo, au unapitia njia za vumbi za Veyula na Msalato: 28 mbele, 32 nyuma.

Ukiwa mpakani, panda ngazi ya juu. Nyuma daima ziwe nyingi kuliko mbele au sawa, kwa sababu nyuma ndiko uzito wako ulikolalia na ndiko cheni inakovuta.

Je, spoki hizo za ziada zinakugharimu uzito gani? Kutoka 20/24 kwenda 28/32 unaongeza spoki 16. Spoki nzuri na nati yake ni kama gramu saba. Jumla gramu 110 hivi, pungufu ya nusu glasi ya maji. Gramu hizo tutazirudisha kwenye hatua ya 6 bila kugusa spoki hata moja.

## Hatua ya 3: Chagua aina ya spoki na nati

Chagua spoki ya duara, ya chuma kisichoshika kutu, yenye kichwa kilichopinda. Ndiyo fundi yeyote anaijua, ndiyo rahisi kuagiza, na inatengenezwa kwa urefu wowote.

Ipo iliyo nene sawasawa, milimita 2.0 mwanzo hadi mwisho, na ipo iliyonyembeshwa katikati, 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati. Chukua ya pili. Ni nyepesi zaidi, na ajabu ni kwamba inadumu zaidi, maana ule wembamba wa katikati hunyumbuka na kupokea mshtuko ambao ungeishia kwenye kona ya kichwa, mahali spoki nyingi zinapokatikia. Zile za 1.5 katikati ni nyepesi mno, lakini zinajisokota unapozikaza na mtu asiye na mkono mzoefu atazichezea. Waachie waliozoea.

Nati ziwe za shaba nyeupe au shaba njano, si za alumini. Ya shaba ni kama gramu moja, ya alumini ni theluthi ya gramu. Kwenye nati 60 unaokoa gramu 40 tu, na unapata nati zinazoganda kwenye spoki baada ya misimu miwili ya vumbi na jasho, kisha zinapasuka unapojaribu kuzigeuza. Sijaona biashara mbaya kama hiyo.

Spoki zinazouzwa kwenye maduka ya baiskeli za kawaida zisikudanganye hata kama urefu unakaribia. Nyingi ni za chuma kilichopakwa zinki, na hazina uimara uleule. Ni za kukufikisha nyumbani, basi.

## Hatua ya 4: Chagua ringi

Kimo cha ringi, kutoka pale tairi linapokaa hadi pale nati zinapotokea, kiwe kati ya milimita 24 na 30. Ringi ndefu za milimita 50 zinapendeza kwenye picha na zinakata upepo kwenye njia tambarare. Lakini fikiria uwanda ule wa kuelekea Bahi wakati wa kiangazi: upepo unatoka ubavuni, hakuna mti wala nyumba ya kuukinga, halafu lori la kwenda Rwanda au Kongo linakupita. Kwanza linakukinga na upepo, kisha likishapita upepo unarudi kwa mkupuo mmoja. Ringi ndefu ya mbele inaupokea wote, na usukani unageuka mikononi mwako. Baiskeli ikihamia nusu mita kulia wakati huo, ni maisha yako.

Upana wa ndani uwe milimita 17 hadi 21, ili uweze kuvaa tairi la 28. Ringi za zamani za 15 zinakubali tairi la 25 na zinabeba hata 28, ila tairi linakaa kama balbu na linayumba kwenye kona.

Alumini au kaboni? Kama breki zako ni za kubana ringi, nasema alumini, na sitabadili. Kaboni ikibanwa kwenye mteremko mrefu inashika joto, gundi inayoishikilia inalainika, na ukingo unaweza kuvimba. Aliyewahi kushuka milima ya Nyang'oro kwenye barabara ya Mtera na Iringa anajua mikono inavyobana breki bila kupumzika. Kwa breki za diski kaboni haina tatizo hilo. Swali linabaki bei, na kwamba kaboni ikipigwa na shimo haipindi ikakupa nafasi ya kuinyoosha. Inapasuka.

Ringi ya alumini ya uzito wa gramu 430 hadi 480 ndiyo yangu. Chini ya 400 ukuta wake ni mwembamba na vumbi letu litaumaliza upesi.

Kuna kitu hapa wengi hawakijui. Ng'oa kipande cha breki kilichotumika mwezi mmoja wa Septemba Dodoma, ukitazame juani. Utaona vipunje vinavyometa vimezama kwenye mpira: chembe za mchanga na vipande vya alumini yenyewe. Kila unapobana breki, chembe hizo zinakwangua ringi kama tupa. Vichokonoe kwa sindano mara moja kwa wiki. Dakika tano hizo zinaongeza maisha ya ringi kuliko ringi ya bei kubwa.

## Hatua ya 5: Chagua habu

Hapa si pa kuumiza kichwa sana. Kuna habu za gololi zinazokaa kwenye vikombe, na kuna za beringi zilizofungwa. Za gololi zinafunguliwa, zinasafishwa na kutiwa grisi mpya na fundi yeyote, lakini zinataka hilo lifanyike angalau mara moja kwa mwaka, kwetu mwishoni mwa kiangazi. Za beringi zilizofungwa hazisumbui, zikichoka unatoa na kuweka mpya. Sharti moja: namba ya beringi iwe ya kawaida, mfano 6902 au 6001, ambayo unaipata kwenye duka lolote la beringi za mashine. Muulize muuzaji namba hiyo. Kama beringi ni ya kampuni hiyo tu, achana nayo.

Sehemu inayobeba meno ya nyuma ikiwa ya alumini laini, meno yatachimba mikwaruzo humo. Si hatari, inaudhi tu wakati wa kuyatoa.

## Hatua ya 6: Sasa toa mizani

Tundika gurudumu kwenye mizani, bila tairi, bila meno ya nyuma. Pima yote mawili, ujumlishe. Uzito uliotangazwa mara nyingi hauhesabu ekseli ya kubana, utepe wa ndani ya ringi wala valvu, kwa hiyo usishangae ukikuta gramu mia zaidi.

Seti ya alumini ya 28/32 niliyoieleza hapo juu inakuja hivi: ringi mbili gramu 900, habu mbili kama 380, spoki 60 ni gramu 360, nati zake gramu 60. Jumla 1,700. Seti zinazokuja na baiskeli za bei nafuu huwa 1,900 hadi 2,100. Zile za kaboni za kujivunia ni 1,300 hadi 1,500.

Kabla hujatamani hizo za mwisho, fanya hesabu. Wewe, baiskeli na maji mna kilo 80. Ukipunguza gramu 300, umepunguza chini ya nusu ya asilimia moja. Kwenye mpando wa nusu saa, kwa nguvu zilezile za miguu, unafika mapema kwa sekunde saba hivi. Ni kweli uzito wa ukingoni unahesabika kama mara mbili unapokimbiza baiskeli kutoka kusimama, na mguu unausikia. Lakini ukishashika mwendo, tofauti hiyo inakwisha.

Sasa zile gramu tulizoziweka kwenye spoki. Zirudishe hapa:

- Tairi la kukunjika badala ya lenye waya: gramu 50 hadi 80 kwa kila moja.
- Tyubu nyepesi. Ya kawaida ni gramu 100 hadi 120, nyepesi ya mpira ni 75 hivi, na zile za plastiki laini ni 35 hadi 40.

Kwa tairi na tyubu peke yake umeshuka zaidi ya gramu 200, ukingoni kabisa, na siku tyubu ikikushinda unaibadili kwa dakika kumi.

## Hatua ya 7: Kagua kabla ya kulipa

Kwa magurudumu ya mtumba hatua hii ndiyo inayotenga faida na hasara. Hata mapya yakague.

Ukuta wa ringi. Kwa ringi ya breki za kubana, laza ukingo wa kadi ya benki juu ya uso unaosuguliwa. Uso ukiwa bapa, kadi inalala vizuri. Ukiona mwanga katikati, uso umechimbika. Ringi nyingi zina kifereji au vitundu vidogo vya kuonyesha ulaji. Vikiwa vimefutika, ringi imekwisha. Usinunue hata ukipewa kwa bei ya soda. Ukuta ukichoka unapasuka kwa mgandamizo wa upepo, na unapasuka ukiwa kasi.

Nyufa. Washa tochi, uzungushe ringi polepole, ukitazama kila tundu la nati. Ufa huanza kama unywele mdogo unaotoka kwenye tundu, hasa nyuma upande wa cheni. Kagua pia habu, pale vichwa vya spoki vinapokaa.

Mvutano. Gonga kila spoki kwa ukucha na usikilize. Za upande mmoja zilie kwa sauti zinazokaribiana. Aliyekulia Ugogoni akisikia ilimba, ile ala ya Wagogo ya ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole, hatapata shida hapa: ulimi mmoja ukiwa chini ya sauti ya wenzake, sikio linaukamata. Nyuma, upande wa cheni utalia juu kuliko upande wa pili. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, usiulazimishe ulingane. Spoki mbili tatu zinazolia kama kamba iliyolowa ni dalili kwamba ringi ilipinda ikanyooshwa kwa kulegeza. Ringi hiyo ina kumbukumbu, itarudi ilikopindia.

Habu. Shika ekseli kwa vidole viwili, uizungushe. Iwe laini kama imelowekwa kwenye mafuta. Ukisikia mchanga, jua ni kazi ya grisi au beringi, na ipunguze kwenye bei. Ukisikia vituo vituo, vikombe vimechimbika. Rudisha.

Spoki za akiba. Mwambie muuzaji akupe spoki sita pamoja na seti, mbili kwa kila urefu: mbele, nyuma kushoto, nyuma kulia. Akishindwa kuzipata yeye mwenye magurudumu, wewe utazipata wapi?

## Hatua ya 8: Kaza upya kabla ya safari ya kwanza

Magurudumu mengi yanayotoka kiwandani yamefungwa kwa haraka. Yananyooka, lakini spoki hazijakalia vizuri, na baada ya kilomita hamsini zinalegea zenyewe. Nusu ya spoki zinazokatika mwaka wa kwanza chanzo chake, kwa ninavyoona mkononi mwangu, ni kulegea huku.

Shika spoki mbili mbili zinazokaribiana upande mmoja, uzibane kwa nguvu kwenye kiganja, gurudumu zima, pande zote. Vaa glavu. Utasikia milio midogo. Ni spoki zinajinyoosha na kukaa mahali pake.

Kisha geuza baiskeli juu chini. Funga kamba za plastiki kwenye foku au fremu, moja kila upande, ukate ncha zibaki zinaelekea ringi karibu kugusa. Zungusha. Ringi ikigusa kulia, kaza robo mzunguko spoki za kushoto zilizo mahali hapo. Robo tu, kisha zungusha tena. Ili usikosee upande wa kukaza, jione kama unageuza nati kwa bisibisi kutokea upande wa tairi: kufuata mshale wa saa ni kukaza.

Halafu kagua kama ringi ipo katikati. Pima nafasi kati ya ringi na fremu, toa gurudumu, ligeuze kushoto kuwe kulia, ulirudishe, upime tena. Vipimo vifanane.

Umefanikiwa kama ringi ikizunguka haiyumbi zaidi ya nusu milimita kushoto na kulia. Kadi ya benki ina unene wa robo tatu ya milimita, kwa hiyo yumbo lisipozidi theluthi mbili ya unene wa kadi, uko vizuri. Huna uhakika na mkono wako? Mpe fundi, ila simama umwone. Fundi anayelegeza tu bila kukaza popote anakunyooshea ringi kwa siku tatu.

## Hatua ya 9: Tairi, upepo na mbigili

Vaa tairi la 28 kama fremu inaruhusu. Tairi pana lenye upepo wa wastani ndilo springi pekee baiskeli ya resi iliyo nayo, na kila mshtuko linaoumeza hauifikii spoki. Kwa mtu wa kilo 75, anza na 70 psi mbele na 75 nyuma, kisha rekebisha. Wale wanaojaza 110 wanapasua ringi zao wenyewe. Ringi zisizo na ndoano ya kushikia tairi zina kikomo cha bari 5, yaani kama 72 psi. Usivuke, na vaa tairi lililoandikwa kwamba linafaa ringi hizo.

Mbigili haina siku ya mapumziko. Ukipita pembeni ya lami kupisha basi, umeichukua. Simama, geuza gurudumu, ichomoe kwa ukucha kabla haijafika kwenye tyubu. Mara nyingi inahitaji mizunguko kadhaa ili ipenye. Ukitumia matairi yasiyo na tyubu, maji ya kuziba yanamudu tundu la mbigili vizuri sana, lakini kwa ukavu wa hewa yetu yanakauka upesi. Ongeza kila baada ya miezi miwili, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye chupa.

Baada ya kilomita 200 za kwanza, rudia hatua ya 8. Utakuta nati mbili tatu za kukaza, na baada ya hapo gurudumu lililofungwa vizuri linaweza kukaa mwaka bila kuguswa.

Spoki ikikatika njiani licha ya yote, usiing'oe kwa hasira. Izungushe kwenye jirani yake ili isichape fremu, achia kifungo cha breki ya gurudumu hilo, kisha legeza nusu mzunguko spoki mbili za upande wa pili zilizo karibu na tundu lile. Ringi itarudi katikati kiasi cha kupita. Nenda polepole, breki ukitumia ya lile gurudumu lingine ambalo ni zima.

Zile spoki za akiba, funga tatu kwenye bomba la nyuma la fremu kwa utepe wa umeme, moja ya kila urefu, pamoja na nati zake. Andika urefu wake kwa kalamu ya wino juu ya utepe, ili hata fundi wa Itigi asiyekujua asome na kujua ipi inakwenda wapi.